Herufi Tatu

Mama Nsimire amekuja tena na simu yake,
ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto wa siku tatu.
Betri imekufa, anasema. Mimi najua
betri iko nusu. Anataka nimsomee.

Kibanda changu kiko chini ya ngazi, soko la Kadutu:
faranga mia tano kwa chaji moja,
Kiitaliano ni bure.
Nilikiokota kwa mapadri, kwenye karakana ya mbao,
miaka minne ya kupiga randa na kugombezwa kwa upole.

Binti yuko Brescia, anamtunza bibi mmoja
aliyesahau majina ya watoto wake mwenyewe,
ila kila usiku anamwita Nsimire tesoro.
Hazina.
"Huyo? Aliyenivunjia sufuria mbili?"
Mama anacheka mpaka sambaza wanatetemeka kwenye beseni.

"Na hii?"
Kidole chenye magamba kinagusa mwisho wa ujumbe: tvb.
Wiki nzima hakulala. Alidhani ni kifua kikuu,
alishamuuliza hata muuguzi wa Panzi dawa ni pesa ngapi.

Hapana, mama. Ti voglio bene.
Nieleze namna gani? Nakupenda yetu ni moja tu,
tunampa mchumba, tunampa Mungu,
tunazipa hata ndizi za kukaanga.
Wao wanayo ya chumbani, ti amo,
na hii nyingine, ya mama, ya rafiki, ya kaka aliye mbali:
nataka mema yakukute.
"Si angeandika yote? Herufi zimepanda bei?"

Juu yake kuna mi manchi.
Hapo nikakwama. Si "nakukosa."
Wamegeuza sentensi kama koti, bitana nje:
wewe ndiye unayenipungukia,
kama chumvi inavyoipungukia sombe.

Mama amenyamaza. Mvua inaanza kugonga mabati.
Anabonyeza kipaza sauti, anapiga kelele
kana kwamba Brescia iko ng'ambo ya Ruzizi:
"Umekula?"
Basi. Ananirudishia simu.

Ongeza neno, mama.
"Neno gani? Nimemaliza."

Alama moja ya kijivu. Mtandao umekwenda.
Ananilipa chaji ambayo hakuchaji,
anakalia kreti ya bia, beseni magotini,
sambaza wameanza kunuka,
wateja wanapita,
na yeye anaitazama ile alama
kama mtu anayengoja sufuria ichemke.