Siku Kumi na Moja

Mpiga gitaa wao alilazwa, taifodi.
Wakaja Katuba kuniuliza: unajua nyimbo zetu?
Nani Lubumbashi hakuwajua Radi za Shaba?
Nilijibu: zote. Nilijua moja na nusu.

Nikapewa koti la mgonjwa, mikono mirefu,
mfukoni tiketi ya basi na kidonge.

Likasi. Kolwezi. Kisha nyumbani,
uwanja wa Kamalondo, watu hadi juu ya ukuta.
Wimbo wa nne, umeme ukakatika.
Sikusimama. Vidole vilikuwa vimeshapanda
mahali ambapo havijarudi tena,
na gitaa likalia kama mbu ndani ya kopo.
Kabulo, nyuma ya ngoma, akasema gizani:
«Ee, Mwewa. Hapo hapo.»

Umeme uliporudi, nilikosea.

Jumatatu mwenyewe akatoka hospitali, amekonda,
akaulizia koti. Nilimrudishia,
na kidonge chake.

Kwenye picha yao, baa ya Mama Kapinga,
mimi ni kiwiko, upande wa kushoto.

Siku hizi watu huniletea redio zao mbovu.
Nikishachomelea waya, kabla sijaziwasha,
huwa nasikiliza kidogo.