Sikio Huku, Mdomo Kule

Kisanduku hiki, Dzintra, nilikiunda kwa kopo la samaki wa moshi,
wale wadogo uliowala Jumapili kwa mkate mweusi
ukaniachia mafuta na mkia mmoja.
Nililisugua kwa sabuni mara tatu.
Linanuka bado. Utanisamehe.

Juu yake swichi moja tu,
niliing'oa kwenye redio ya marehemu mjomba Arvīds.
Ukiisukuma kushoto, kompyuta ya kazi:
abiria wa feri wanaouliza mbwa atalala wapi,
na kama Baltiki leo ina adabu.
Ukiisukuma kulia, kompyuta ya nyumbani:
mama yako, Ventspils, wodi ya tatu,
muuguzi Sanita akimshikia kishikwambi
karibu mno na pua.

Hedifoni moja, wito pande mbili.
Nyaya nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, mdomo,
na ile ya nne tunayoiita ardhi,
haisemi, haisikii,
ila ikikosekana hakuna asemaye wala asikiaye.

Wiki ya kwanza kilivuma.
Ulisema: kama jokofu lenye kinyongo.
Kosa langu. Nilizifunga ardhi za kompyuta zote mbili pamoja
nikidhani nazipatanisha,
kumbe usiku kucha zilikuwa zikizungukana na kuguna.
Nikazitenga kwa koili mbili ndogo.
Sasa waya haugusi waya,
na neno linavuka.
(Nilitaka kukueleza jinsi linavyovuka. Ulikuwa umeshasinzia.)

Kisha ule usiku wa Februari,
theluji ikipigwa na upepo hadi inapita ubavuni,
Liepāja nzima imejikunja.
Ukasukuma kulia.
Masikio yakahama. Mdomo ukabaki.
Kutu kidogo, punje ya kutu, upande wa maiki.

Sikio halipiti kichwa, husema watu;
lako usiku ule lilikwenda Ventspils peke yake.
Ukasema, polepole, kwa ile sauti usiyonitumia mimi:
"Nipo. Usiogope. Wewe lala, mimi sikati."
Maneno yakamfikia bwana mmoja wa Rostock
aliyekuwa akiuliza bei ya chumba chenye dirisha.

Na mama yako, huku, akauliza: "Upo?"
Ukajibu. Hakusikia.
"Upo?" Ukajibu kwa kupayuka; Rostock ikasikia.
Basi akazungumza na kimya chako
dakika kumi na moja.
Alihesabu mitungi ya jemu, nani apewe upi.
Akamwambia Sanita kwamba binti yake akichoka hununa,
asibishwe, afunikwe miguu tu.
Akasema baba yako hakuwahi kuvua samaki yeyote,
aliwanunua sokoni miaka thelathini,
naye aliwapaa na kumsifu.
Akacheka mpaka akakohoa.
Wewe ulikuwa umeacha kupayuka.

Yule wa Rostock hakuuliza bei tena.
Asubuhi tulikuta ameandika chini ya fomu, penye maoni:
*Mwambieni wa zamu ya usiku kwamba nililala.*
Chumba hakukodi.

Nilinunua swichi mpya, euro nne,
ya kukata kabla ya kuunga, safi, ina mlio kama jino.
Nikawasha chuma cha kulehemu. Ukaweka kiganja juu ya kopo.
"Subiri," ukasema.
Nikadhani unataka kutu ibaki,
na fundi yeyote hapo angeinua mikono.

Lakini mama yako ametoka hospitali, na analalamika:
siku hizi unamjibu haraka mno,
kabla sentensi yake haijavaa viatu.
Ukataka zote mbili. Ile mpya, sawa.
Na kando yake kitufe kidogo
cha kukata mdomo tu,
sikio libaki wazi.

Nimetoboa tundu la pili leo mchana.
Kopo lilipopata moto wa keekee
jikoni kote kukanuka Jumapili ile.