Hoja ya Chini ya Kisima

Ijumaa bwaloni nilikuwa meza ya watetezi:
"Mheshimiwa mwenyekiti, zama za kisima zimekwisha!"
Kengele ikalia. Makofi yakanirefusha shingo.
Mihayo, wa upande wa kupinga,
alikunja karatasi yake mara nne, akakaa.

Jumamosi tulijitolea huko Ng'ambo;
wiki ya tatu bomba halikohoi hata hewa.
Mwembamba ni mimi, nikateremshwa na ndoo,
tope hadi magotini,
mbingu imebaki sahani.

Kamba kashika nani?
Mihayo.

Nikatafuta hoja ya kwanza, ya pili,
takwimu zangu zote za jana.
Nikaambulia neno moja, nikalitamka kwa adabu:
"Vuta."

Akavuta. Nusu ya njia akasita, akachungulia:
"Msemaji mkuu, maji umeyaona?"

Kamba haikutetereka.