Kwa Atakayefukua Shimo la Nne

Usianze na sururu. Anza na kauntabuku.
Imo ndani ya kopo la rangi, juu ya kenchi ya stoo,
imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli.
Mwandiko ni wangu: Nkwimba, karani wa mizani,
Nyakato, nyuma ya viwanda.
Kila gunia lililoshuka humo lina mstari wake:
tarehe, kilo, lilikotoka, mvua ilinyesha au la.

Chuma kilikwenda. Shaba ilikwenda, alumini ikafuata
kwa malori ya Dar, na pesa yake tulishaila.
Hiki ndicho sumaku ilichokikataa:
sponji za viti vya magari yaliyopinduka Usagara,
vioo vilivyosagika kama chumvi,
maganda ya nyaya, raba, na vumbi jeusi
linalometameta ukilipuliza,
shaba nyembamba mno, vidole vyetu havikujua kuitoa.

Kwa nini hatukutupa?
Muulize Lugembe. Ukikuta amekufa, waulize wa Geita.
Alikwenda huko kijana, akakuta watu wanaosha marudio,
mchanga ambao baba zao waliukanyaga wakisema umekwisha.
Haukuwa umekwisha. Ulisubiri dawa mpya na njaa mpya.
Alirudi bila dhahabu, na neno hilo moja mdomoni,
marudio, marudio, kila asubuhi kabla ya chai,
hadi likatuchosha.

Majirani walicheka: "Lugembe anazika taka na sanda juu!"
Kweli aliivisha sanda: nailoni nzito, mara mbili,
na chini yake mfinyanzi tulioushindilia kwa miguu
kama wacheza ngoma waliokimbiwa na mpigaji.
Yadi ya pili wao husubiri mvua.
Mvua ikija hufungua geti, Mirongo ikabeba.
Ni rahisi. Siku mbili, ziwa limemeza,
nasi tunanunua sato Kirumba
bila kumuuliza amekula nini.

Mimi sikuwa mwema, niandike ukweli.
Mwaka ule mshahara ulipokwama miezi miwili
nilisimama ukingoni nikapiga hesabu:
nailoni hii ni unga kilo ngapi?
Nilikata kipande. Ukurasa wa sitini na moja, nimekiri.
Kona ya mashariki ina kiraka. Hapo chimba taratibu.

Magunia ya uzi mwekundu ni risasi za betri.
Usiyashike kwa mkono mtupu, usije na mtoto.
Gunia la mia mbili na saba lina herufi D.
Sikumbuki maana yake. Nisamehe.
Na ukichekecha ukaona chembe ya dhahabu
usiwaite jamaa, usiseme Nyakato kuna mwamba.
Hiyo ni pete ya Shigela.
Mashine ilichukua pete pamoja na kidole.
Kidole tulikizika kwa heshima, pengine, si hapa.
Pete tuliitafuta kwa tochi hadi betri zikafa.
Mkewe ni Holo, wa Igoma. Kama ana wajukuu, wapelekee,
hata ikiwa vumbi tu, kwenye karatasi iliyokunjwa.

Sijui utakuja na nini.
Labda mdudu mdogo anayekula raba na kutapika shaba.
Labda huna kitu, una njaa na chekeche.
Bei ya leo nimeiandika: sifuri.
Chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu, ni yako.

Kitakachokushinda, kirudishe, funika,
geuza ukurasa. Kalamu nimeiacha humo humo.
Wino ukigoma, ipashe joto kwapani kwanza.
Mimi hufanya hivyo.