Gramu Ishirini za Kutoa

Profesa Perpetua Semkiwa anastaafu Ijumaa.
Chuo kimenitaka niseme maneno mawili.
Nikasema mimi si msemaji, mimi mpima uzito.
Wakasema basi, andika.

Alifika Muheza na pikipiki, kiti kimechanika,
nyuma kafunga kiroba cha maganda ya machungwa
yaliyoanikwa juu ya bati mpaka yakalia kama njugu.
Akauliza nani hapa anasoma mizani bila kuongeza chumvi.
Wakanisukuma mbele.
Nikamwambia: Mama, naitwa Shekue Bakari,
mizani naijua, lakini mdudu huyo
mimi simli wala simgusi.
Hakucheka. Akanipa glavu, buti, sabuni mche mzima.
"Sijakuajiri ule. Nimekuajiri usidanganye."

Muhogo uliovundikwa siku nne kupunguza sumu.
Mashudu ya nazi kutoka Pangani. Vumbi la dagaa.
Majani ya lusina, yasizidi sehemu moja ya kumi,
yakizidi manyoya yananyonyoka.
Namba 14 akiongeza gramu mia nne na kumi kwa siku,
namba 15, mama mmoja, banda moja, mia mbili tisini.
Kwa nini?
Akachuchumaa bandani usiku kucha, kurunzi mdomoni,
akamwona mdogo anavyosukumwa mbali na hori.
Asubuhi tukalirefusha hori shibiri mbili.
Hilo halimo katika jarida lolote.

Kisha kulikuwa na ulimi.
Unaushika kwa kitambaa kikavu, unauvuta,
unapapasa chini kwa kidole
kutafuta punje kama za mchele: vifuko vya tegu.
Punje hizi, alisema, safari yake inaanzia chooni mwa mtu,
na pasipo na choo, inaanzia migombani.
Mayai yakimwingia binadamu hupanda kichwani,
na mtu huanguka kifafa.

Nikamkumbuka Mwanaidi wa dada yangu,
aliyeangukia jikoni, mkono ukaungua,
tukampeleka kwa waganga watatu
kila mmoja akamtaja jini wake.
Sisi hatuli.
Lakini mchicha tunanunua sokoni kama watu wote.
Niliketi juu ya ndoo. Naye akavuta ndoo yake, akaketi.
Mwaka uliofuata akaacha kupima vyakula, akahesabu vyoo,
Misozwe, Bwembwera, Magila, nyumba kwa nyumba.
Wenzake wakambandika jina, Profesa wa Choo.
Akaitika.

Mwaka wa homa sitaki kuurefusha.
Wiki ya kumi na moja, jaribio la wiki kumi na mbili.
Masikio yakageuka zambarau. Chanjo hakuna, dawa hakuna.
Sitini na wawili.
Jumanne jioni shimo, dizeli, chokaa.
Tabitha Kihiyo, aliyetuazima sita wa kwake,
alisimama kando, pindo la kanga kaling'ata.
Profesa akamhesabia noti: "Fidia ya mradi."
Mradi haukuwa na fidia. Daftari nalitunza mimi.
Ndiyo mara pekee nilimsikia akidanganya,
na sikuiandika.

Usiku ule nikataka kuikadiria wiki iliyobaki.
Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka,
hata mtoto angejua unakwenda wapi.
Akanipokonya kalamu, akaandika mbele ya kila namba:
hakupimwa.
Hakupimwa.
Mara sitini na mbili, hati yake ikizidi kuwa mbaya.

Mwanaidi ana miaka thelathini na moja.
Kidonge chake saa mbili usiku, hakosi.
Anauza machungwa stendi, ananiwekea maganda,
ingawa siku hizi sina wa kumpelekea.

Ijumaa watampa saa ya ukutani.
Mimi nitakuja baada ya sala
na ile mizani ya kuning'iniza, ndoano imepinda,
inayozidisha gramu ishirini.
Anajua.
Tulikuwa tunazitoa kila mara.