Mizani ya Konsolata

Msinidai mizani ya shairi.
Niliyo nayo ni ya Konsolata,
imekwishafika kortini Kisumu,
kielelezo namba mbili,
ikinuka omena.

Nilishona kanzu ishirini na mbili za kwaya,
zambarau, kola nyeupe,
zikahitajika Nairobi Jumamosi kabla ya saa tatu.
Nikasema, leo Nereah atapanda ndege.
Jioni nikapita Kibuye, kibandani kwa Konsolata,
nikalitundika begi kwenye ndoano:
kilo kumi na nne na nusu.
Tikiti inaruhusu kumi na tano.
Nikafika nyumbani, nikachomeka chupa ya asali ya dada yangu,
nikalala.

Alfajiri, uwanjani, mizani yao ikasema lake.
"Kumi na tisa na ushei, mama.
Ushei tunauita kilo.
Kilo tano, mia tisa na hamsini kila moja."
Nikasema, pima tena.
Akasema, unaiona foleni?
Nikafungua begi pale pale sakafuni, labda nitapunguza:
kanzu za kumsifu Mungu,
chini yake dawa zangu za presha,
chini yake sidiria, kamba yake
nimeishikiza kwa uzi wa kijani.
Kinyozi hajinyoi, na fundi ni hivyo hivyo.
Mtoto mmoja akacheka.
Mamaye akamziba mdomo, na hilo ndilo lililoniuma.
Nikafunga begi na kanzu zote ndani.
Nikalipa elfu nne, mia saba na hamsini,
bitana na vifungo vya mwezi mzima.

Mahakama ya Madai Madogo,
ndivyo kibao kilivyoandikwa.
Karani, kijana aitwaye Shikuku, akanipa fomu.
Andika kiasi unachodai.
Nikaandika.
Nikatafuta pa kuiandika ile sidiria.
"Mama, aibu haina risiti,"
alisema, wala si kwa ubaya,
akagonga muhuri.

Siku ya kwanza wakili wa shirika hakufika.
Hakimu akasoma ujumbe wake, akavua miwani,
akaipangusa, akausoma tena:
ndege yao imechelewa Nairobi.
Hata askari wa mlangoni aligeukia dirisha.

Siku ya pili akaja, suti ya buluu,
mkono wa kushoto umezidi wa kulia nusu inchi
(jicho langu halina likizo).
"Mheshimiwa, kweli tuamini mizani ya omena?"
Konsolata akasimama. Alikuwa amefunga kibanda,
amewaachia jirani wateja wote wa asubuhi.
Akaigeuza mizani mgongo.
"Soma hapa. Muhuri wa vipimo, wa mwaka huu.
Bila huu, watu wa kaunti hunibebea hata karai.
Wa kwenu uko wapi?"

Wakili akapekua faili.
Akaipekua tena, kutoka nyuma.
Nje kuna mtu aliuza njugu; tulimsikia
akihesabu chenji.

Kisha hakimu akanigeukia mimi.
Je, baada ya kupima, uliongeza kitu?
Konsolata akanifinya paja.
Lakini nilikuwa nimeapa, mkono juu ya Kitabu,
nikasema: asali.
Chupa kubwa?
Kubwa.
Akaandika kwa muda mrefu.

Nikapewa elfu tatu na mia nane.
Kilo moja ikawa ya asali.
Konsolata hakunisemesha mpaka tulipofika stendi,
na hapo aliniambia tu,
"Wewe ukichuuza samaki utakufa njaa."

Pesa ziliingia kwenye simu Jumanne,
na walipozitoa wakala akakata ada yake.
Nikamlipa Konsolata asubuhi yake, akazihesabu mara mbili.
Usiku nikavuta taa karibu na cherehani,
nikaitoa ile sidiria,
nikaanza kufumua uzi wa kijani.