Fondesheni ya Elfu Tisa

Baba yake alicheka hadi mwiko ukamponyoka:
"Fondesheni? Mie namwaga fondesheni tangu sijamwoa mamako,
kokoto, saruji, mchanga wa kuchekecha.
Uso nao siku hizi wajengwa?"
Kauthar hakucheka.
Alikuwa kaelekea kioo cha ukutani,
kidole kikipita kwenye paji
juu ya chunusi anazozijua moja moja, kama watoto wa jirani.

Ana miaka kumi na tano na shilingi elfu saba,
noti zimekunjwa ndani ya kasha la kompasi,
ujira wa kuchambua karafuu kwa Bi Mkasi.
Bado zanukia.
Nikatia mbili.
Tukateremka Chake.

Duka la kwanza tulitoka kabla hatujaingia:
makopo hayana maandishi,
mwenye duka ana mashavu ya waridi
na vifundo vya vidole vyeusi ti.
Mkorogo haufiki kwenye vifundo, mwanangu.
Tazama mikono ya mtu kabla hujanunua uso wake.

Duka la pili, kijana mmoja, Mbarouk,
akamtia tone nyuma ya kiganja.
"Hii ndiyo waitakayo mabiharusi. Yang'arisha."
Kwani huyu anaolewa?
Nikamwuliza, inaisha lini?
Akageuza kichupa, akasugua tarehe kwa kidole gumba,
akasugua tena,
kama mtu anayetaka ibadilike.

"Mkono si uso," nikasema. "Mpake tayani, tutoke juani."
Tukasimama barazani, mbele ya fundi cherehani,
naye akainua kidevu
vilevile alivyokuwa akiinua nilipomfuta uji.
Ya kwanza, chaki. Taya la mwanangu
likawa ubao wa skuli ambao hapana aliyeufuta.
Ya pili, vumbi la matofali.
Ya tatu tuliitafuta.
Tuliitafuta, mie na fundi cherehani na miwani yake, tusiione.
Na chunusi? Zipo,
ila zimeshusha sauti.

"Hiyo?" Mbarouk akashangaa. "Hiyo si rangi yake yuleyule?
Sasa atakuwa kalipia nini?"
Swali zuri. Sikuwa na jibu la kumpa,
nikamwuliza bei.
Kumi na mbili: ya majimaji, nyepesi, haina mafuta,
kichupa kama cha dawa ya macho.
Nilifika mlangoni mara mbili.
Mara ya tatu akaniita.

Nauli ikabaki dukani, tukarudi Wawi kwa miguu,
na njia nzima mie nasema:
unawe kwanza. Tone moja, si kijiko.
Usiku uitoe, hata ukiwa na usingizi wa kufa,
ngozi changa yataka kupumua.
Sifongo yako usimwazime mtu, hata Shemsa.
Na siku usiyoitaka, usiipake.
"Nimesikia, mama."
Alishasikia tangu tulipokuwa mjini.

Asubuhi baba yake akamtazama.
Akaweka kikombe, akamtazama tena.
"Leo umelala vyema?"
Kauthar akanifinya goti.

Usiku ule, wote wamelala,
nilifungua kichupa kwa siri, nikajipaka tone shavuni.
Jivu.
Rangi ya mtu asiyenijua.
Miaka arobaini na miwili ya jua la shamba na moshi wa makumbi
haimo kwenye tone lile.
Nikafuta kwa pembe ya kanga,
nikakaza kifuniko, nikakirudisha kwenye kasha
pembeni ya rula iliyovunjika,
vilevile kilivyokuwa. Nilidhani vilevile.

"Mama," akaniambia, anafunga viatu vya skuli, hanitazami,
"yako ipo. Rafu ya juu, ya pili kutoka mwisho.
Mie niliiona siku ile.
Bi Mkasi ana magunia mawili bado."